Mashahidi Wawili wa Kapteni Nabhan

Gongoni, Tabora
14 Mei 1978

Mwanangu Nabhan,

Assalaam alaykum. Marahaba, kwa ile shikamoo ambayo hujaniletea tangu mwezi wa pili. Naijibu kabla haijafika, maana nilikulea mimi baada ya baba yako kufariki, na najua adabu niliyokupa haijaisha, imechelewa tu.

Huku sote wazima. Ami yako Hamoud amepona goti, lakini bado anauvuta mguu kila akimwona mtu wa kumhurumia. Asali ya Sikonge imeshuka mjini, nyeusi, nzuri, nimekuwekea chupa. Mimi bado napika halua ya harusi za watu, na sukari naipata duka la ushirika baada ya maneno mengi.

Sasa jambo lenyewe. Barua yangu ya mwezi wa tatu imerudishwa kutoka kikosi chako cha zamani. Juu yake wameandika kwa kalamu nyekundu: Amehama. Amehamia wapi, kimya. Anwani hii nimeipata kwa rafiki yako Dionis wa posta, naye aliitoa kama mtu anayeng'olewa jino. Sanduku la posta la Dar es Salaam, basi, hakuna kikosi wala kambi.

Mzee Muhanna amenijia. Posa ya binti yake Saleha uliipeleka mwenyewe mwaka jana, kwa miguu yako na kanzu yako, naye akaikubali. Sasa anataka harusi iwe Mfungo Mosi, baada ya Idi. Anauliza mambo mawili: utakuja lini, na siku hizi unafanya kazi gani. Nikamwambia wewe ni kapteni. Akasema, "Kapteni wa nini?" Nikamjazia kahawa, nami unajua si kawaida yangu kujibu kwa kahawa.

Nijibu upesi. Saleha hajasema kitu, lakini amemaliza kudarizi kofia yako na ameanza ya pili.

Shangazi yako,
Nunu binti Khalfan


20 Juni 1978

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na nyingine juu yake kwa miezi niliyonyamaza. Mwambie ami Hamoud goti lake linasifika mpaka huku niliko. Asali usimpe mtu.

Mimi mzima, tena mzima kuliko nilivyopata kuwa. Nimekonda, nimeungua jua, nalala vizuri. Nimehamishiwa kazi mpya, na ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa. Zaidi ya hapo siwezi kuandika. Barua zetu hizi, yako na yangu, husomwa na mtu mwingine kabla hazijafika. Ni Luteni mmoja mwungwana, mpe salaam zake.

Mfungo Mosi sitaweza kuja. Tunafundishana, na kila mtu hapa ni mwalimu na mwanafunzi, kwa hiyo hakuna anayeweza kuchomoka. Lakini harusi isisimame. Ami Hamoud atanikubalia ndoa kwa wakala, kama alivyoozeshwa babu yake Saleha alipokuwa Ujiji. Nitatuma karatasi ya wakala yenye muhuri.

Mwambie Mzee Muhanna sijabadilika. Mwambie Saleha kofia ya pili aipunguze kidogo, nywele zimekatwa ila kichwa ni kile kile.

Mwanao,
Nabhan


Gongoni
9 Julai 1978

Mwanangu,

Waalaykum salaam, wewe na huyo Luteni. Luteni, umeoa? Kama hujaoa, huku Gongoni wasichana wapo, ila utatakiwa kusema unafanya kazi gani.

Maana hapo ndipo tulipokwama. Nilikwenda kwa Mzee Muhanna na barua yako mkononi. Akanipokea vizuri, kahawa ikaja, tende zikaja. Nikamsomea. Akasema, "Nunu, mimi nimeuza nguo Tabora hii miaka arobaini mpaka duka likafungwa, likafunguliwa la ushirika mlango wa pili. Sikuwahi kumkopesha mtu ambaye sijui anarudi wapi jioni. Leo nimpe binti yangu?" Uwakala haukatai. Anachokataa ni giza. Amesema Idi ikipita hajajua kazi yako, posa anairudisha.

Nimekasirika mpaka halua ikaungua, ya watu wa Ipuli, ikabidi nipike nyingine. Kisha nikakaa nikafikiri. Umeniambia umekonda, mnafundishana, na hutaji mahali. Basi nikamkumbuka babu yangu Nasoro na misafara yake ya kwenda na kurudi pwani.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi na bendera yake, nyuma wapagazi na mizigo, kila fungu na mnyapara wake. Hao kila mtu aliwaona. Lakini babu alikuwa na watu wengine wachache, hawakubeba mzigo hata wa sufuria. Walitangulia siku nzima mbele, kwenye pori la Mgunda Mkali, kutazama kisima kina maji au kimekauka, na mtemi wa mbele ana hasira au ana ngoma. Walirudi jioni, wakamwambia babu peke yake. Wapagazi waliwachukia, wakiwaona wavivu wanaotembea mikono mitupu. Babu alikuwa akisema msafara wake uliishi kwa miguu ya hao.

Wewe ni mmoja wao. Kama nimekosea, nikanushe kwenye barua ijayo. Kama nimepatia, mwombe mkubwa wako ruhusa, uniandikie kitu cha kumpa mzee huyu. Sitaki mtoto wa watu apotee kwa sababu ya ukimya wako.

Shangazi Nunu


2 Agosti 1978

Shangazi,

Shikamoo. Luteni anasema hajaoa na amekunja barua yako polepole sana.

Sikukanushi. Nilimpelekea mkuu wetu ile habari ya babu Nasoro. Akacheka mpaka akakohoa, akaisoma tena bila kucheka. Kisha akasema, "Mwandikie tulivyo. Usimwandikie tulipo, wala sisi ni nani." Basi msomee Mzee Muhanna hapa.

Jeshi analolijua yeye, lile la gwaride, limepangwa ngazi kwa ngazi. Kombania zimo ndani ya kikosi, vikosi vimo ndani ya brigedi, na amri inateremka hivyo hivyo. Kazi yake kubwa ni kushika ardhi na kutoiachia. Sisi ni kamandi ya vikosi maalumu, ndogo, iliyowekwa kando. Hatumo ndani ya brigedi yoyote. Amri yetu inatoka juu kabisa na habari zetu zinarudi huko huko. Habari ya kisima ikipita kwa wanyapara wote kabla ya kumfikia mwenye msafara, kila mmoja ataitia chumvi yake, na ikifika si habari tena.

Tumegawanywa vikundi vidogo, watu wa kutosha kula sinia moja. Kuna wa mtambo wa redio, kuna tabibu, kuna fundi wa baruti, kuna anayejua njia na lugha za watu, na kuna kiongozi. Lakini kila mtu hufundishwa kazi ya mwenzake, ili akianguka mmoja kazi isianguke naye. Mimi niliyekuwa naogopa sindano, juzi nimeshona mguu wa mbuzi na mbuzi anatembea.

Kazi yetu ni kutangulia. Tunakwenda, tunaona, tunarudi, tunasema kweli hata kama haipendezi. Pengine tutatakiwa kushika daraja kabla jeshi halijafika, au kumtoa mtu aliyefungiwa mahali. Tukishindwa kila mtu atajua. Tukifaulu hakuna atakayejua tulipita, na sisi tumeridhika.

Tuliokuja kujaribiwa tulikuwa wengi. Wenye misuli walirudi makwao mapema. Waliobaki ni wale wanaoweza kunyamaza bila kununa. Na hakuna aliyeniuliza babu zangu walitoka nchi gani, Shangazi. Waliniuliza kama naweza kutembea.

Kuna sheria moja tu inayomhusu mkwe wangu. Majina ya watu wetu hayaandikwi kwenye karatasi yoyote inayotoka nje ya lango. Adui akipata jina, atatafuta nyumba. Akipata nyumba, amempata mtu. Jina langu mnalijua tangu nazaliwa, hilo halina dawa.

Karatasi ya wakala imo humu humu.

Nabhan


Gongoni
21 Agosti 1978

Mwanangu,

Ramadhani karimu. Tunafunga, ami yako anafunga na goti lake. Barua yako imefika salama.

Nilimsomea Mzee Muhanna baada ya futari. Akaniambia nirudie pale pa sinia. Nikarudia. Akasema, "Huyu ni mtu mwenye kazi," akamwita mkewe aje asikie naye. Tangu hapo anatembea Gongoni nzima akisema mkwe wake ana kazi kubwa, na watu wakimwuliza kazi gani anawajibu kuwa hawezi kusema. Amekuwa mtu mwingine. Nadhani amekuwa komando kabla yako.

Nikajua tumevuka. Kumbe mto wenyewe uko mbele.

Tulipeleka karatasi yako kwa sheikh. Akaivalia miwani, akaisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Imeandikwa kwamba umempa ami yako uwakala wa ndoa mbele ya mashahidi wawili Waislamu, na mahali pa mashahidi pana muhuri wa jeshi, mkubwa, wa buluu. Sheikh akauliza, "Mashahidi ni nani?" Nikamwambia majina hayaandikwi. Akasema, "Bibi Nunu, naliheshimu jeshi. Lakini muhuri hauna masikio. Nani alimsikia kijana huyu akisema?"

Ni kosa ambalo lingefanywa na jeshi tu, kudhani muhuri unatosha kila mahali. Sheikh hatoki hapo, na Mzee Muhanna hawezi kumpita sheikh. Bila mashahidi hakuna ndoa, na Mfungo Mosi ukiisha bila ndoa maneno ya watu yataanza. Saleha aliniuliza jana, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ziko kazi ambazo wenyewe hawatakiwi kuwa na mtu. Nikamwambia asiseme upuuzi. Lakini usiku ule sikula daku.

Tafuta njia, Nabhan. Wewe si ndiye mtafuta njia?

Shangazi


5 Septemba 1978

Shangazi,

Shikamoo, na Idi njema. Huku tuliswali uwanjani, wachache, na wenzetu Wakristo walitupikia. Mwenzetu wa mtambo wa redio alitia chumvi mara mbili lakini tulimaliza.

Mkuu amesema sheria inakataza karatasi, haikatazi midomo. Wako watu wetu wawili, Waislamu, walionisikia nikimpa ami Hamoud uwakala kwa sauti yangu. Wana safari yao ya magharibi. Ijumaa ya tarehe 15 treni itawashusha Tabora asubuhi, na ile ya Kigoma itawachukua jioni. Wataongozana na ami mpaka kwa sheikh, watataja majina yao kwa mdomo, watasema walichosikia, wataondoka.

Nakuomba mambo matatu, nawe uniahidi. Majina yao msiyaandike popote. Msiwaulize wanakwenda wapi. Na watakuja kwako tu, wasiende kwingine hata hatua moja, hata kama mtu ana ndugu mtaa wa pili. Amri hiyo nimeitoa mimi mwenyewe.

Wapeni chakula. Mmoja anapenda vitamu.

Nabhan


Gongoni
17 Septemba 1978

Mume wa Saleha,

Nimeanza hivyo ili usisome mpaka mwisho kwa wasiwasi. Umeoa. Alhamdulillahi.

Sasa nikuhadithie. Walifika asubuhi, mmoja mrefu, mmoja mfupi mwenye ndevu, kanzu safi na kofia. Shikamoo zao zilikuwa za watoto waliolelewa. Sebuleni yule mrefu alichagua kiti kinachotazama mlango, yule mfupi akachagua kinachotazama dirisha, kisha wakawa wacheshi kabisa. Fakhria wa jirani alikuja kuazima chungu, akatoka bila chungu, amesahau alichokuja kufanya.

Baada ya Ijumaa watu walikaa msikitini. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, lakini masikio yangu yalikuwa upande wa pili. Sheikh akawauliza majina. Wakayataja, baba na babu. Nimeyasikia na siyaandiki. Akawauliza walisikia nini. Yule mfupi akasimama, akayasema maneno yako kama ulivyoyasema, mpaka ile "naam" yako ya kuvuta unayoitia katikati ya sentensi. Mzee Muhanna akacheka, akasema, "Ndiye! Ndiye huyo!" Sheikh akaridhika. Ami Hamoud akakukubalia ndoa bila kuvuta mguu.

Nilipika halua ya samli safi, zafarani na lozi nilizozificha tangu mwaka jana. Mfupi alikula mara tatu. Kipande cha mwisho hakukila. Aliomba karatasi ya gazeti, akakifunga kwa kuizungusha karatasi kama pembe na kukunja ncha mara mbili, akakitia mfukoni. Nikamwuliza ni cha nani. Akasema ni cha njiani.

Jambo moja, Nabhan. Mgeni wa Tabora huuliza njia ya stesheni. Huyu mfupi alipita vichochoro vya nyuma ya soko kama mtu anayekwenda chooni kwao. Sisemi zaidi.

Mimi stesheni sikwenda, nilibaki na vyombo. Saleha anakusalimu. Amepakwa hina mpaka kwenye viwiko na anatembea akiitazama mikono yake.

Shangazi Nunu


10 Oktoba 1978

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikawasomea wenzangu, kisha Luteni akaomba kuisoma tena ingawa alikwisha isoma. Sijui nikushukuru vipi. Nina mke. Naandika neno hilo nione linavyokaa kwenye karatasi.

Mashahidi wamerudi salama kutoka safari yao. Mfupi anasema halua yako ndiyo mahari halisi.

Ulichokiona kwa huyo mfupi, kiweke. Usimtafutie kwao, usiulize mtu, tafadhali. Si kwamba sikuamini. Anakotoka wanamjua kama dereva wa lori huko Mbeya, na ni salama yake na yao waendelee kujua hivyo. Kabla ya safari aliniomba nusu saa tu ya kupita kwao. Nilimkatalia.

Mwambie Saleha nitakuja.

Nabhan


Gongoni
3 Desemba 1978

Mwanangu,

Hujaandika tangu nduli avuke mpaka na vita vianze. Redio ya ami Hamoud haizimwi, betri zikichoka anazianika juani. Vijana wanapanda treni stesheni na watu wanawaimbia. Nimepeleka chungu changu kikubwa kwa akina mama wa chama, tunawapikia wanaopita.

Saleha amehamia kwangu. Alisema mke wa mtu anakaa kwa watu wa mumewe, hakusubiri sherehe ya kupelekwa kwa mume wala ruhusa. Mzee Muhanna hakubisha.

Sikuulizi ulipo. Nauliza, yule mrefu hajambo? Yule mfupi hajambo?

Shangazi


Gongoni
11 Machi 1979

Nabhan,

Hatujapata neno. Sisi wazima. Nimebaki na sukari kidogo, nimeifungia sandukuni, ni ya siku utakayoingia hapa.

Kila jioni tunakula sinia moja, mimi na mkeo, naye huacha upande mmoja bila kuugusa. Nilimkemea mara ya kwanza. Siku hizi simkemei.

Yule mfupi hajambo? Niambie japo neno moja.

Nunu


28 Mei 1979

Shangazi,

Shikamoo. Ni mimi, kwa mkono wangu. Nina kovu begani na sina jingine. Barua zako mbili nimezipata siku moja, zimefungwa kamba pamoja.

Tulifanya kazi yetu. Mkuu wetu, ambaye hasifu hata chakula, alitusifu. Tulitangulia, tuliona, tulirudi tukasema kweli, na waliokuja nyuma yetu na mizigo walikuta njia. Wengi wao watarudi kwa mama zao kwa sababu hiyo, na hawajui. Ndivyo tulivyotaka, na sioni haya kukuambia kuwa najivunia.

Umeniuliza mara mbili habari za mfupi, nami nimeruka. Sasa ninaruhusiwa kumtaja, maana jina lake halimdhuru tena. Anaitwa Shaban. Hakurudi. Alikuwa mbele yangu, mahali ambapo ningekuwa mimi, na alifanya alichotakiwa kufanya mpaka sisi wengine tukapita. Alikuwa wa Ipuli, kama nadhani ulivyojua siku ile ile. Mama yake ni Mwanajuma. Wakubwa wamekwisha kwenda kumpa habari, wakamwambia yale yanayoruhusiwa, ambayo ni machache.

Nimepewa likizo. Ijumaa ya tarehe 22 mwezi ujao nitashuka Tabora. Nataka kumwona mke wangu, Shangazi, nataka mpaka naumwa. Lakini sijui nitafikaje kwako bila kupita Ipuli, na Ipuli siwezi kufika. Nimekwenda mahali pabaya kwa miguu yangu, sikutetemeka. Huko natetemeka. Alisimama akanitolea ushahidi ili mimi nipate watu wangu, umbali wa nusu saa kutoka kwa mama yake, na mimi ndiye niliyemwambia asiende. Amri ilikuwa sahihi. Ningeitoa tena. Lakini nitamwambia nini mama yule?

Nabhan


Gongoni
8 Juni 1979

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Saleha amelia, amecheka, ameniibia sukari akapika chai ya mtaa mzima. Ami Hamoud amekimbia, kwa macho yangu nimeona, mpaka kwa Mzee Muhanna.

Allah amrehemu Shaban. Nimemlilia. Sasa kaa kitako unisikilize, na Luteni, kama bado unasoma, soma na hii, kisha unifunge ukitaka.

Nilikuandikia kuwa stesheni sikwenda, nilibaki na vyombo. Vyombo aliviosha Fakhria. Niliposikia yale majina msikitini, nilishtuka. Nilipoona alivyolifunga lile gazeti, nikawa na hakika. Katika Tabora nzima ni mtu mmoja tu anayefunga karanga hivyo, kuzungusha kama pembe na kukunja ncha mara mbili, naye ni Mwanajuma wa Ipuli, ambaye kila asubuhi anauza karanga sokoni hatua chache kutoka mlango wangu. Mtoto aliyekua akimsaidia mamaye kufunga karanga hawezi kufunga kitu kwa namna nyingine.

Ulimkataza yeye kwenda. Mimi hukunikataza kumwendea mwingine. Nilivaa buibui, nikatoka mlango wa nyuma, nikamkuta Mwanajuma anakunja mkeka. Nikamwambia, "Dada, leo kauzie stesheni, treni ya Kigoma. Utamwona mtu. Hutamwita jina. Hutalia. Ukishindwa mojawapo, usiende." Hakuniuliza hata neno moja. Aliinua sinia lake la karanga, akalitia kichwani, akatangulia mbele yangu.

Nilisimama nyuma ya magunia ya tumbaku, niliona yote. Alipita mabehewa yote akinadi karanga, sauti yake ile ile ya kila siku. Shaban alikuwa dirishani. Akamwona. Mkono wake ulishika ukingo wa dirisha na haukuachia. Akasema, "Shikamoo mama." Akajibiwa, "Marahaba. Nikupe ngapi?" Akasema mbili. Akampa, akamwongezea ya tatu, kama wanavyoongezewa wateja wote. Kisha Shaban akatia mkono mfukoni, akatoa kile kifurushi cha gazeti, akasema, "Onja halua, nimetoka harusini." Aliifunga kabla hajajua kama atamwona, Nabhan. Mama yake akaipokea, akautazama ule mkunjo wa ncha, akasema, "Ni ya harusi ya nani?" Shaban akasema, "Ya ndugu yangu."

Yule mrefu wako alikuwa akichunguza kila mtu pale stesheni, isipokuwa muuza karanga.

Treni ilipotoka, Mwanajuma hakuipungia. Aliendelea kunadi mpaka ikapotea, akauza hata za chini ya sinia. Kisha akaja nilipokuwa, tukarudi pamoja. Tangu siku hiyo mpaka wakubwa walipobisha mlango wake, hakunitajia, hata tulipokuwa wawili. Watu wakimwuliza habari za mwanawe aliwajibu yuko Mbeya anaendesha lori. Kila asubuhi alinisalimu, akacheka, akanifungia karanga. Uliniandikia kuwa mnatafuta watu wanaoweza kunyamaza bila kununa. Mmezunguka nchi nzima, hamkufika Ipuli.

Nimemsomea barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie pale pa wale watakaorudi kwa mama zao. Nikarudia. Akasema, "Mwambie aje. Nataka kumwona huyo ndugu wa harusi." Hivyo huna la kumwambia, mwanangu. Una la kusikiliza, maana ana habari za Shaban tangu anatambaa na hana wa kumpa.

Chungu nimekiosha, sukari nimeitoa sandukuni. Ijumaa ukishuka, pita vile vichochoro vya nyuma ya soko, ushike njia ya Ipuli kwanza. Uje Gongoni baadaye. Hilo si wazo langu. Ni mkeo aliyesema, naye anasema amekwisha zoea kungoja, nusu saa si kitu.

Shangazi yako,
Nunu